Benchi Letu Limeingia Chuo Kikuu

— Benchi haliazimwi, Kinyozi! Mtu akija kukuomba mguu wako, utampa?

— Ameomba kwa adabu, Dobi. Mwalimu mzima wa chuo kikuu kanishika mkono kwa mikono miwili. Ningefanyaje?

— Ungemwambia lina wenyewe!

Walikuwa wamesimama, na hapo ndipo penye tatizo. Kila asubuhi watu wa kijiwe kile, mbele ya duka la Kinyozi na geti la chuo kikuu, hukaa kwenye benchi refu lenye mguu mmoja mfupi. Dobi hukaa upande wa mguu huo, na hainuki bila kutangaza, maana akiinuka kimyakimya wenzake wote humwagikiwa kahawa. Leo palibaki alama za miguu ya benchi vumbini. Mama Birika, muuza kahawa, aliwatazama wateja wake kwa moyo mzito. Mtu aliyesimama hunywa kikombe kimoja akaenda zake. Birika bado lilikuwa zito, na kule kona muuza chai ameshaanza kupanga viti vya plastiki, tena vyenye migongo.

— Wanalitakia nini? akauliza.

— Wana wiki ya sanaa na maarifa ya dunia, Kinyozi akasema. Wageni wametoka kila nchi. Wanataka kuona walimwengu wanakaaje.

— Si kwa makalio? Dobi akadakia.

— Ndiyo hayo wanayoyapima, akasema Fundi Saa, mtu anayejua kila kitu isipokuwa ni saa ngapi. Kila taifa lina bonde lake kwenye mbao. Wakishapima, wanachora upya ramani ya dunia.

— Acha uongo!

— Hilo dogo. Mbao hunywa maneno, bwana. Yote tuliyosema yamo mle. Wana mtambo wa kulikamua benchi, yatoke moja moja, mkalimani ayadake.

Dobi akanywea.

— Hata niliyosema kuhusu mama mkwe?

— Hayo yatatangulia. Yako juu juu, umeyasema jana.

— Jamani, nitatafsiriwa!

Akatimua mbio kuelekea getini. Wenzake wakamfuata, na Mama Birika nyuma yao, birika mkono huu, vikombe mkono ule.

Ukumbini walilikuta benchi juu ya jukwaa, limezungushiwa kamba nyekundu, linamulikwa taa. Wageni walilitazama mikono nyuma, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Kibao kilisema: "Benchi. Mbao na misumari. Watumiaji hawajulikani."

— Hatujulikani? Kinyozi akafoka. Nusu ya vichwa vya chuo hiki nanyoa mimi!

Mwalimu aliyeliazima akawajia mbio, uso umechanua.

— Karibuni! Wageni wangu wana swali moja tu. Huwa mnazungumza nini pale?

Kinyozi akakuna kidevu. Fundi Saa akafungua mdomo, akaufunga. Mama Birika akaona biashara yake inazama. Wakishindwa kusema wanakaa kwa ajili ya nini, nani atawarudishia benchi? Akapita chini ya kamba, akamimina vikombe vitatu.

— Kaeni, inapoa.

Wakakaa, kila mtu mahali pake. Dobi akapiga funda moja, ulimi ukafunguka.

— Nilikuambia usiwape.

— Nami nimekuambia, aliomba kwa adabu.

— Adabu! Hata mama mkwe ana adabu. Anakuja kunisalimia, halafu anafua upya nguo nilizokwisha kufua. Mbele ya wateja!

Mkalimani akanong'ona kwenye kipaza sauti. Mzee mmoja mgeni akaruka juu, akajipiga kifua, akasema maneno marefu yenye uchungu.

— Anasema yeye ni mwokaji, mkalimani akaeleza. Mama mkwe wa kwake humrudishia mikate ndani ya tanuri.

— Ndugu yangu! Dobi akainuka kumkumbatia, bila kutangaza.

Kahawa ikamwagikia Kinyozi na Fundi Saa mapajani. Ukumbi ukalipuka makofi, kisha wageni wakapanga foleni kwa Mama Birika mpaka birika likatoa mvuke mtupu. Walipolibeba benchi waondoke nalo, mlinzi, kikombe mkononi, akawazibia njia mlangoni.

— Liacheni hapo, maonyesho yanakwisha Ijumaa. Nyinyi nendeni, ila kesho asubuhi muwe mmerudi mahali penu hapo jukwaani. Na wewe mama, uje na birika kubwa zaidi.