Meza za Upande wa Ziwa
Risala ya wafanyakazi wa Loji ya Vilima Saba, Elmenteita, kwa Bi. Farhiya Dualeh, Mkurugenzi Mkuu mpya. Msomaji: Weldon Kiptum, mlinzi wa lango.

Mgeni rasmi, Bi. Farhiya Dualeh, wakuu wa idara mlioketi naye, chifu wetu, wafanyakazi wenzangu, na jamaa zetu mliofika kutoka Kariandusi, Mbaruk na Gilgil: tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa loji hii tunakupokea kwa moyo mweupe. Tumeambiwa ulizaliwa na ukasomea Nakuru mjini, kwa hivyo huu upepo wa magadi unaotoka ziwani unaujua. Tangu kampuni yako iinunue loji mwezi wa kwanza, hii ndiyo mara ya kwanza tumeketi na mwenye mamlaka tukaambiwa tuseme tunachotaka. Risala hii tumeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya sare mpya na basi la kutubeba. Tuliisoma tukaipasua. Ya pili ilikuwa na maneno mengi ya kuzunguka, nayo tukaipasua. Unayoisikia ni ya tatu.

Kuna aya moja ambayo haikuwa kwenye karatasi hii hadi leo saa nne asubuhi. Imeandikwa kwa kalamu, mnisamehe nikikwama. Mgeni rasmi, ulifika langoni ukiendesha mwenyewe gari dogo, umejifunga mtandio wako. Mlinzi wa zamu akakuambia, "Madam, weka gari kando. Unakuja kuona nani?" Ukamwambia umekuja kwa mkutano. Akafungua buti la gari, akatazama chini ya viti, akapiga simu risepsheni na kungoja. Ukiwa hapo, gari la watalii lilifika, akalifungulia na kulipigia saluti. Ulingoja dakika kumi na tano. Hukusema wewe ni nani. Mlinzi huyo hakukosea kwa kusahau kazi yake. Alifanya alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Tunaomba radhi, na tunaomba asiadhibiwe kabla hujatusikiliza mpaka mwisho.

TULIKOTOKA

Nyumba kubwa iliyo nyuma yako ilikuwa ya mkulima Mzungu, enzi za ukoloni. Mpishi wetu mkuu ni Mzee Jonah, na babu yake alikuwa mpishi hapo hapo. Alipika miaka ishirini na miwili, wala hakuwahi kukanyaga veranda ya mbele. Sahani alizipitisha dirishani, mtumishi mwingine akazipokea. Jonah alitusimulia haya tulipokuwa tukiandika. Tukamwuliza babu yake alikuwa akisema nini kuhusu jambo hilo. Akajibu, "Hakuwa anasema kitu. Alikuwa ananawa mikono, anaenda nyumbani."

Baada ya uhuru shamba liliuzwa, likauzwa tena, na miaka kumi na minane iliyopita likawa loji. Baadhi yetu tuliopo hapa tulibeba mawe ya kujenga vyumba vya upande wa mashariki.

YALIYOKWENDA VIZURI

Tunashukuru kwamba yapo. Jikoni petu pamesifiwa na wageni wa kila taifa. Kisima tulichochimba pamoja na majirani kinanywesha shule ya msingi. Jepkorir, anayewatembeza wageni ufuoni, anatambua ndege zaidi ya mia tatu kwa sauti tu. Bado wapo wageni wanaomwuliza mtaalamu mwenyewe atafika saa ngapi. Yeye huwaambia, "Ameshafika," kisha anaanza kutembea.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto ni moja. Kuna sheria hapa ambayo hutaipata kwenye faili lolote. Mzungu akifika langoni, fungua. Mwafrika, Mhindi au Msomali akifika, uliza. Risepsheni, mgeni mweupe anapewa juisi na ufunguo. Huyu mwingine anaombwa kitambulisho, kisha anaombwa tena. Kwenye mkahawa, meza sita za veranda zinazotazama ziwa zinawekewa kijikadi cha "Reserved" kila asubuhi, hata kama hakuna aliyepiga simu. Mgeni mweupe akitokea, kijikadi kinaondolewa. Mwingine akitokea, anaonyeshwa kijikadi, halafu anapelekwa ndani, karibu na mlango wa jikoni.

Aliyeleta sheria hiyo ni meneja aliyeondoka mwaka jana. Ingekuwa rahisi kwetu kukuambia alikuwa mtu wa ng'ambo. Alikuwa mwenzetu, mweusi kama sisi, tukiongea naye Kiswahili. Alituita uani, akasema, "Hawa wetu wakijaa pale mbele, wale wengine hawatarudi. Mnataka kazi ama hamtaki?"

Tulitaka kazi. Na vijikadi, mgeni rasmi, vilipangwa na mikono yetu.

YALIYOTOKEA JUMAPILI MOJA

Hapa wenzangu wameniruhusu niseme "mimi", kwa sababu sehemu hii ni yangu.

Mwaka juzi, Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, lilifika gari la kijani lenye watu watatu. Nyuma alikaa mzee aliyevaa suti ya kahawia, na mke wake aliyevaa kilemba kipya. Binti yao ndiye aliyekuwa akiendesha. Akaniambia kwamba wazazi wake wametimiza miaka arobaini ya ndoa, na kwamba alishaweka nafasi ya meza ya upande wa ziwa kwa simu, wiki mbili zilizopita.

Nikamwambia, "Sawa, madam, ngoja kidogo hapo kando."

Mzee huyo ni Mwalimu Maxwel Kihara wa Bahati. Baba yangu alikuwa akifanya kazi Bahati nilipokuwa mtoto, na Mwalimu Kihara alinifundisha darasa la tano na la sita. Nilimtambua kabla gari halijasimama. Nilijifanya simjui. Nilifungua buti. Nilimwomba ashuke nikague kiti. Alishuka, akashika mlango, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akanipa kitambulisho chake. Nililisoma jina kana kwamba ni geni. Magari mawili ya wageni weupe yalipita, nikayapigia saluti akiwa amesimama hapo na mke wake. Walingoja dakika ishirini na tano.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho yangu. Nimeyapata kwa walioyaona.

Mkahawani aliwapokea Chepchumba, mhudumu aliyekuwa na miaka tisa kazini. Supavaisa alimnong'oneza, "Hao weka ndani." Chepchumba akaangalia kitabu, akaona jina lao limeandikwa, meza namba mbili, veranda. Akaenda akaondoa kijikadi, akawavutia viti. Mama akakaa akitazama ziwa. Chepchumba anasema mama alishika mkono wa mzee juu ya meza na hawakuagiza kitu kwa dakika kadhaa, walikuwa wanaangalia tu flamingo.

Meneja akatoka ofisini. Akawaambia kwa upole kwamba kumetokea makosa, meza hiyo ina wenyewe, na ndani kuna nafasi nzuri tu.

Binti akaanza kujibu, lakini Mwalimu akamgusa bega. Akamwuliza meneja, "Meza hii inamngoja nani?"

"Wageni wetu, mzee."

"Sisi ni akina nani?"

Mwalimu akamgeukia Chepchumba. "Msichana wangu, niambie wewe. Kuna mtu anangojwa hapa?"

Chepchumba alikuwa na watoto wawili shuleni, na meneja alikuwa amesimama karibu naye. Akasema, "Hapana, mzee. Haimngoji mtu."

Familia hiyo iliondoka bila kula. Mama alikunja kitambaa cha mezani vizuri, akakirudisha mahali pake. Meza namba mbili ilikaa tupu mpaka saa kumi na moja jioni.

Kesho yake Chepchumba alifutwa kazi. Barua ilisema utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Ili barua hiyo isimame, ofisi ilitafuta mashahidi. Tuliitwa mmoja mmoja, tukawekewa maelezo yaliyokwisha kuchapwa, yakisema Chepchumba alimfokea meneja. Wafanyakazi kumi na mmoja walitia sahihi. Wanne kati ya hao walikuwepo mkahawani na walijua hakumfokea mtu. Saba hatukuwepo kabisa. Mimi ni mmoja wa hao saba. Nilikuwa langoni, na nilitia sahihi.

TULICHOFANYA BAADAYE

Kwa muda mrefu hatukufanya lolote. Mwalimu Kihara aliiandikia loji barua moja. Haikujibiwa. Chepchumba alikata rufaa kwa ofisi ile ile iliyomfukuza, akaonyeshwa sahihi zetu. Sasa anauza mboga kando ya barabara, Kariandusi. Wengi wetu huteremkia hapo tukienda nyumbani. Tulikuwa tukivuka barabara ili tusipite mbele yake.

Nilikaa mwaka mmoja na nusu kabla ya kwenda Bahati. Nilikwenda mwezi uliopita, siku yangu ya mapumziko. Mwalimu alikuwa akipalilia vitunguu. Alisimama akaegemea jembe.

Akaniuliza, "Kiptum, siku ile ulinijua?"

Nikasema, "Nilikujua, Mwalimu."

Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta. Mimi nilisimama pale pale. Aliporudi akasema, "Mimi kungoja hakukuniumiza sana, nimengoja kwenye milango mingi katika nchi hii. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani, mke wangu aliniuliza kama viatu vyake vilikuwa na tope. Kila akikumbuka, anauliza tena. Anadhani kuna kitu alikosea kuvaa."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema, "Mimi nina pensheni na shamba. Yule msichana ana nini? Anza kwake."

Nikaenda Kariandusi. Chepchumba alikuwa akimfungia mteja fungu la sukuma wiki. Nilimngoja amalize, nikamwambia nimekuja kusema pole. Akaniambia, "Weldon, pole yako sitaki. Ile karatasi mliandika, iandikeni tena, mara hii ukweli. Na mtie sahihi zile zile, si nyingine."

Nilirudi nikawaambia wenzangu. Wiki hiyo hatukuelewana. Wapo waliosema meneja ameshaondoka, mambo yaachwe yalivyo. Wapo waliosema supavaisa yupo bado, na ndiye anayepanga zamu. Kweli yupo, na amekaa mstari wa pili hapa leo. Mmoja wetu, ambaye mke wake ni mjamzito, alilia. Mwishowe Mzee Jonah, ambaye hakuwa ametia sahihi siku ile, alisema hatamwambia mtu afanye nini, ila yeye amechoka kupitisha chakula kwa dirisha. Hapo ndipo tulipoanza kuandika.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, hatukukuletea orodha ndefu.

Tunaomba Chepchumba arudishwe kazini, na barua iliyo kwenye faili lake iondolewe, ili siku akitafuta kazi kwingine isimfuate. Tulimwalika leo, akakataa. Alisema atakuja akiitwa na ofisi, si kwa huruma yetu. Tunaona ana haki.

Tunaomba sheria ya langoni ife, na ife kwa maandishi. Iliishi kwa sababu haikuandikwa. Ubandike tangazo langoni, risepsheni na mkahawani kwamba kila mgeni anapokewa kwa namna moja, ili mlinzi au mhudumu akiambiwa vingine na mkubwa wake awe na karatasi ya kumwonyesha. Kama ni kukagua buti, yakaguliwe yote.

Tunaomba barua ya Mwalimu Kihara ijibiwe. Hatuombi apewe chakula cha bure. Tulimwuliza, akasema hataki. Ila mke wake aambiwe na ofisi, kwa maandishi, kwamba hakukosea kitu.

Na kuhusu sisi wenyewe, hatuombi tuhakikishiwe kazi zetu. Ukiona kwamba watu waliotia sahihi uongo dhidi ya mwenzao hawafai kubaki hapa, hatutakuita dhalimu. Tunaomba tu uanze na faili la Chepchumba kabla ya yetu.

KUFUNGA

Maelezo mapya kumi na moja yameambatanishwa na risala hii, kila moja na jina, tarehe na sahihi. Lakini karatasi tulishawahi kutia sahihi, na unajua sasa ilikuwaje. Kwa hivyo tumekubaliana kwamba waliotia sahihi siku ile wasimame sasa hivi, mbele yako, mbele ya wakuu wetu na mbele ya familia zetu, ili utuone nyuso tukikuambia kwamba Chepchumba hakumfokea mtu. Alisema ukweli alipoulizwa.

Wenzangu, simameni. Mimi nimeshasimama.

Mwenyezi Mungu, ambaye wewe na sisi tunamwomba kila mmoja kwa njia yake, akupe nguvu ya kuamua vyema, akuongezee afya, na ailinde nyumba yako. Awape wale wa Bahati na yule wa Kariandusi amani tuliyowanyima.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Loji ya Vilima Saba, Elmenteita.