Bi Mwanatabu na Sifuri ya Bofu

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, Bi Mwanatabu Mwidani anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika Zahanati za Tulizo. Aliajiriwa makao makuu, Kisauni, kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa isiingie vumbi. Yeye aliifunua, akajifunza kuiandikia programu kwa lugha ya C. Mifumo yetu ya miadi, ya stoo ya dawa na ya rekodi za wagonjwa yote imepita mikononi mwake.

Haketi kitini kabla ya kumsalimu kila mtu, hata mlinzi waliyekwisha kusalimiana naye langoni. Na karibu na kompyuta zake hakuliwi mahamri. Fondo, dereva wetu, alijaribu mara moja, akaambiwa akale ndani ya gari lake.

Lakini habari inayosimuliwa zaidi ni ya Clifford, karani wa tawi la Bofu.

Mwaka juzi rekodi zilianza kusimbwa, yaani kugeuzwa maandishi ya siri, kabla ya kutumwa Kisauni, ili asiyehusika asizisome. Bofu ndiyo iliyotangulia kujaribu. Muda si muda, baadhi ya rekodi zikawa zinafika nusu. Ya mama mmoja ilikatikia kwenye neno “asipewe”, na jina la dawa halikuwepo. Bahati nzuri muuguzi Swabra wa Kisauni alipiga simu Bofu kuuliza kabla ya kumpa chochote.

Lawama zikamwangukia Clifford. Meneja, Bwana Nguma, alisema kijana anaandika kwa pupa, akaitisha kikao cha kumwachisha kazi. Clifford aliapa kwamba alijaza kila kitu, ila hakuwa na ushahidi.

Bi Mwanatabu aliomba rekodi ile ile itumwe tena mbele ya wote. Ikakatika mahali pengine. Ikatumwa tena, ikafika nzima. Fondo, aliyekuwa ameleta chai, akasema kumbe mashine nayo ina siku zake. Watu wakacheka. Bi Mwanatabu hakucheka, alikuwa ameshaelewa.

“Bwana Nguma, mwache kijana,” akasema. “Kosa ni langu. Programu hii nimeiandika mimi.”

Akaeleza pole pole. Katika C, maneno ya kawaida huwekewa sifuri mwishoni, na hapo ndipo programu hujua yameisha. Yakishasimbwa si maneno tena, ni namba tupu, na kila yakisimbwa upya namba hubadilika. Sifuri yaweza kuangukia popote. Yeye alikuwa ameyapima kama maneno, basi programu ikikutana na sifuri ya katikati, iliacha yote yaliyobaki. Dawa yake ni kuushika urefu tangu mwanzo na kuutuma pamoja na rekodi. Akarekebisha. Tangu siku hiyo Fondo humwita Bi Sifuri, naye huitika abee.

Hakuna mwingine kikaoni aliyeweza kuisoma programu ile. Bi Mwanatabu angeweza kuitengeneza kimya kimya, na Clifford angerudi kwao bila kujua kilichomponza. Leo Clifford ndiye msimamizi wa rekodi wa Bofu.

Bi Mwanatabu, ahsante sana. Tunakuombea afya njema na asubuhi zisizo na haraka, inshallah. Pilau ya leo imepikwa na mamake Clifford. Hakuna aliyemwomba.