Mama Alipokataa Kupigwa Picha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wenyeji wenzangu wa huku kwetu, nawasalimu kwa lugha yetu: mbukwenyi! Naona mabenchi ya nyuma mmeitika kama watu ambao bado hawajanywa chai, lakini sitawasumbua. Nikimaliza mtaitika wenyewe.

Kwa wasionifahamu, naitwa Tabitha. Nafundisha shule ya msingi kule Chamwino, naishi mtaa huu huu wa Kikuyu. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu ya kamera. Msicheke kwanza! Najua wengine wanasimama hapa kwa ajili ya ugonjwa, kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya ndoa. Mimi ni kamera, tena ndogo, inaingia kwenye mkoba wa kanisani. Lakini nivumilieni, maana nyuma ya hiyo kamera kulikuwa na hofu iliyonifunga, na Bwana ameifungua!

Nianze na baba yangu. Waliomfahamu wanajua alikuwa mtu wa kucheka. Akicheka, unaona mpaka jino la mwisho, na jirani anatoka nje kuuliza kuna nini. Baba alipofariki, kule kijijini kwetu Mpwapwa, tulitafuta picha. Ninyi mnajua desturi yetu: mjukuu anatangulia mbele ya jeneza, ameikumbatia picha ya marehemu. Basi tukatafuta nyumba nzima. Ndugu zangu, hatukupata hata picha moja ya baba akiwa peke yake! Tukaichukua ya harusi ya binamu, ile ya watu wengi wamepanga mistari, tukampelekea fundi amkate baba, amkuze. Fundi alijitahidi. Lakini begani kwa baba palikuwa na mkono wa mtu. Mkono tu, hauna mwenyewe. Na uso wa baba ulikuwa umekakamaa kama anasubiri sindano.

Siku ya mazishi nilisikia mama mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Huo mkono ni wa nani?" Nililia, na nawaambia ukweli, nililia zaidi kwa ajili ya ule mkono kuliko kwa ajili ya hotuba zote zilizosomwa.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nikawa kila nikienda kumwona mama, simwoni mama, naona fremu. Ananikaribisha chakula, mimi nawaza atakavyoonekana mbele ya jeneza. Anacheka, mimi nawaza laiti ningekuwa na kamera. Ndugu zangu, mama yangu alikuwa mzima kabisa! Analima, anaimba kwaya, anagombana na kuku. Lakini mtoto wake wa kumzaa alikuwa ameanza matanga kichwani.

Nilijaribu simu. Jiko la mama lina kidirisha kama kitabu cha nyimbo, na moshi juu yake. Simu yangu ikipiga picha mle ndani, uso wa mama unatoka kama umepakwa uji. Nje nako jua la huku mnalijua, linamkunja uso mpaka anaonekana amenuna. Nikaamua kuazima ile kamera kubwa ya vijana wetu wanaorekodi ibada. Walinipa, Mungu awabariki. Nikapanda basi nayo, nimeipakata kama mtoto mchanga.

Mama alipoiona ile kamera, aliingia ndani akavaa kitenge cha Jumapili, akafunga kilemba, akatoka akasimama wima, mikono imenyooka, kama yuko kwenye foleni ya kitambulisho. Wajukuu wakakimbilia kusimama naye. Nami kwa ujinga wangu nikasema, "Watoto, pisheni. Mama, kaa hapo peke yako."

Peke yako! Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau kwamba kwa mama neno hilo lilikuwa na jeneza ndani yake. Alikuwepo tulipokuwa tunaitafuta ya baba. Alitusikia tukilia, "Hata moja ya peke yake hatuna!" Mama akanitazama, akainua kigoda chake kutoka pale nilipomwekea, akasema taratibu, "Mnaniandaa?" Akaingia ndani. Kitenge akavua. Na kuanzia siku hiyo, hata wajukuu wakinyanyua simu, mama anageuza uso.

Kaka yangu Yona alinipigia simu. Yona hana maneno ya kupamba. "Tabitha, umeenda na kamera kumwambia mama kwamba anakufa. Hongera." Akakata.

Basi ningeacha, si ndiyo? Sikuacha! Hofu haijui kupumzika. Nikajiambia tatizo ni ukubwa wa ile kamera, nitafute ndogo ambayo mama hataiogopa. Nikaanza kusoma, nikaanza kutazama video za mabingwa wa kamera. Nikajua kwamba ndani ya kamera kuna kibati kinachopokea mwanga, wenyewe wanakiita sensa, na kikiwa kipana picha inatoka safi hata mahali penye giza. Kamera za harusi zina sensa pana. Kamera nyingi za mfukoni zina sensa ndogo kama ukucha. Lakini zipo chache, ndogo za mfukoni, zenye sensa pana kama zile kubwa. Kwenye hizo video nikaiona niliyoipenda. Shida zake ni mbili: bei yake haina adabu, na haivuti mbali. Lenzi ni moja, haitoki, haiongezeki. Ukitaka mtu aonekane karibu, miguu yako ndiyo inayosogea.

Nikanunue, nisinunue? Leo naamka nimeamua ndiyo, mchana nimeamua hapana. Naanza sala, "Baba yetu uliye mbinguni," nikifika kwenye mkate wetu wa kila siku tayari nalinganisha lenzi. Darasani wanafunzi wananisalimia siwasikii. Mwalimu mwenzangu akaniambia nina tamaa ya vitu vya dunia. Iliniuma, kwa sababu sikuwa na tamaa ya kamera. Nilikuwa na tamaa ya kumzuia mama asiondoke, nikadhani kuna mashine inayouza hiyo huduma.

Sasa sikieni Bwana alivyopita. Hakupita kwa mtu wa kanisani kwetu! Alipita kwa Idrisa, Mwislamu wa kutoka Kondoa, mwenye duka la picha pale mjini. Tunafahamiana siku nyingi kwa sababu ya picha za pasipoti za wanafunzi wangu. Alikuwa nayo moja, ile ile niliyoitaka, imetumika lakini nzima. Nilikwenda kuishika, nikairudisha. Nikaenda tena, nikairudisha. Nilipokwenda kwa mara nyingine akaniambia, "Mwalimu, samahani nikuulize. Unatafuta kamera au unatafuta dawa?"

Akaifunga kwenye kitambaa akanipa. "Nenda nayo nyumbani Ijumaa hii. Usiwaze kununua. Ikikufaa sawa, isipokufaa Jumatatu nirudishie, hatugombani." Nikamuuliza haogopi nikiipoteza? Akacheka akasema mtu anayebembeleza kamera hivyo hawezi kuipoteza. Mungu amkumbuke Idrisa, jamani.

Nikapanda basi mpaka Mpwapwa, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Kamera iko kwenye mkoba, kati ya Biblia na khanga. Niliapa sitaitoa. Mama nilimkuta uani anamenya karanga. "Shikamoo mama." "Marahaba, kaa umenye." Hiyo ndiyo iliyokuwa chai na karibu! Nikakaa, tukamenya, akinipa habari za mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mihogo. Vumbi likanipanda puani, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso, kamera ikadondokea kwenye maganda.

Mama akaiangalia. "Hiki ni nini?"

Ningedanganya, ila mbele ya mama uongo haunitoki. "Ni kamera, mama."

Nilisubiri ainue kigoda chake kama siku ile. Badala yake akajipangusa mikono kwenye khanga, akanyoosha kiganja. "Nilete." Akaigeuza huku na huku. "Inabonyezwa wapi?" Nikamwonyesha. Ndipo akanitazama usoni akaniambia, "Haya. Kaa hapo. Peke yako."

Ndugu zangu! Lile neno langu lilinirudia. Nikajikuta nanyoosha kilemba, nabana pumzi, nakaza shingo. Mimi, mzima, mbele ya mama yangu mwenyewe! Mama akashusha kamera. Akasema, "Mbona umekuwa kama baba yako kwenye ile picha? Bado mkono tu."

Bado mkono tu! Tulicheka. Ile picha tulikuwa hatujawahi hata kuitaja, na siku hiyo tuliicheka mpaka karanga zikamwagika, mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Katikati ya kicheko hicho mama akabonyeza. Sikusikia hata mlio.

Aliponirudishia kamera alikuwa ametulia. Akaniambia, "Mimi sikukataa picha, mwanangu. Nilikataa macho yako. Ulikuwa unaniangalia kama uko msibani. Niko hapa. Nina karanga za kumenya."

Hapo hapo, kwenye maganda, nilipiga magoti. Sikuomba maneno mengi. Nilisema, Bwana, nisamehe, nimemlilia aliye hai. Na ile hofu iliyonikalia tangu mazishi ya baba, ndugu zangu, ilitoka! Sijui niieleze vipi. Nilimwangalia mama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimwona mama.

Jioni aliniita jikoni. "Njoo na hicho kidude chako, nisonge ugali unione." Mle mle gizani, moto na moshi na kile kidirisha! Nilitaka kusimama mlangoni, lakini kamera haivuti. Ikabidi nisogee. Nikasogea tena. Nikakaa karibu naye kabisa, karibu kama nilivyokuwa nakaa nikiwa mtoto nikisubiri ukoko. Ule niliouita upungufu wa ile kamera ndio ulioniamulia. Nilikuwa nataka kitu cha kumvuta mama nikiwa mbali, kumbe nilihitaji kitu kinachonilazimisha kumsogelea.

Jumatatu nilikwenda kwa Idrisa. Aliponiona akanyoosha mkono kuipokea, nami nikamwekea malipo mkononi. Akacheka, akauliza, "Dawa imepatikana?" Nikamwambia imepatikana, ila haikuwa inauzwa dukani kwake.

Yona nilimtumia ile picha ya jikoni. Hakunijibu. Baadaye mama akaniambia Yona amempigia simu wakaongea karanga na mbuzi wa jirani mpaka salio likaisha. Yona! Yule wa salamu mbili na kukata!

Picha hiyo nimeitundika sebuleni kwangu: mama ana mwiko mkononi, anacheka na jino la mwisho linaonekana, utadhani baba. Na kwa kuwa sisi tumezoea kutundika waliokwisha kwenda, wageni wakiingia wananiambia, "Pole mwalimu, alifariki lini?" Nawajibu, hajafariki, kaeni niwapigie simu mumsalimie!

Sisemi kamera imeniokoa. Kamera ni chuma na kioo, kesho inaweza kuibwa. Aliyeniokoa ni Bwana, na alimtumia mama, na mwenye duka, na maganda ya karanga. Na simwambii mtu akanunue wala asinunue. Nakwambia wewe unayemwogopea mama yako, baba yako, mume wako, unayelia kabla ya siku: mwachie Mungu siku ile, hiyo ni kazi yake. Wewe nenda nyumbani ukakae, umenye kinachomenywa. Msogelee. Atakayekutana nawe pale uani ni yule yule aliyekutana na mimi.

Mkitaka kumwona aliyeuleta ushuhuda huu, basi geukeni. Yule pale kwenye benchi la akina mama wa kwaya, mwenye kilemba cha njano na kidude cheusi shingoni. Amekuja na basi la jana, na tangu nianze kuongea ameshawapiga picha karibu nyote, wengine mmekatwa vichwa, mtasamehe.

Mama, mimi nimemaliza. Niko hapa mbele, peke yangu, na shingo sijaikaza.

Haya mama. Piga!