Barua ya Mzee Chupa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtunza maabara. Hakuwa profesa, wala daktari. Mtunza maabara. Kwa miaka thelathini na mmoja aliosha vyombo vya kioo chuoni, na wanafunzi wakamwita Mzee Chupa. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na minne.

Wapo wanaoapa kwamba aliwahi kuosha mrija ukang'aa mpaka ukapotea machoni, ikabidi autafute kwa kupapasa. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Aliyemfahamu vizuri ni binti mmoja, leo daktari wa watoto. Wakati huo alisoma baiolojia, alama zake za kuringia, na alitaka kitu kimoja tu: kuingia chuo cha udaktari. Aliomba, akakataliwa. Alibakiwa na nafasi moja ya kuomba tena. Moja tu.

Barua ya profesa wake ya kumpendekeza ndiyo iliyomwangusha. Ilikuwa na mistari mitatu. Namfahamu. Alihudhuria. Alama zake ni nzuri.

Mzee Chupa alimkuta kwenye ngazi za maabara, macho mekundu. Akaweka ndoo chini.

"Uliiomba lini hiyo barua?"

"Siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, mzee."

"Siku mbili. Mimi hata soksi huwa naziloweka zaidi ya hapo. Na profesa anakujua?"

"Nilikuwa nakaa mstari wa mbele."

"Darasa la watu mia nne, binti yangu. Anakijua kiti, wewe hakujui. Alama zako wanazo tayari. Wanatafuta mtu wa kuwaambia wewe ni nani."

Akamtuma aende kwa profesa, amuulize ana kwa ana kama anaweza kumwandikia barua yenye nguvu. "Akisita, mshukuru. Anayesita ataandika mistari mitatu."

Binti akaenda. Profesa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alisita. Kisha akasema, "Sikujui vya kutosha. Njoo maabara kila Alhamisi, uwasaidie wa mwaka wa kwanza. Mwisho wa muhula tutazungumza."

Alhamisi zikapita, binti akizoea kazi na watu wakimzoea. Asilolijua ni hili: kila mwisho wa muhula profesa huyo alikaa na Mzee Chupa, na Mzee Chupa alikuja na daftari. Kila msaidizi alikuwa na ukurasa wake humo.

Basi, Alhamisi ya mwisho, binti alifika nyumbani akakumbuka kwamba ameacha mafuta ya kuonea kwenye lenzi ya hadubini bila kuyafuta. Lenzi ya pekee ya aina yake, na mafuta yakikaukia pale huiharibu. Hakuna aliyemwona. Barua ilikuwa iandikwe Jumatatu. Alijigeuzageuza kitandani, na kulipokucha alikuwa mlangoni pa maabara kabla ya ufunguo.

"Mzee, nimeacha mafuta kwenye lenzi. Ni mimi."

"Najua. Niliifuta jana ile ile."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Nilikuwa nakusubiri." Akatoa daftari, akamwambia ndiyo anayomsomea profesa, akaanza kuandika.

"Mzee wangu, hilo usiliandike. Nakuomba."

"Barua isiyo na kasoro ni tangazo la sabuni," alisema, na kalamu haikusimama.

Binti aliondoka akijua amekwisha. Miezi miwili baadaye aliitwa kwenye usaili. Mwenyekiti akafungua barua ya profesa, kurasa mbili nzima, akasoma kwa sauti: "Aliacha mafuta kwenye lenzi. Alirudi mwenyewe kusema, kabla ya kuulizwa na mtu." Akavua miwani. "Hebu tuambie, kwa nini ulirudi?"

Daktari anasema waliongea juu ya mafuta yale karibu usaili wote. Akapokelewa.

Mjane wa marehemu ametuambia daftari hizo ziko kumi na saba, ndani ya sanduku la viatu. "Na mimi nina ukurasa wangu, alikuwa akinitishia nao. Sijausoma. Namjua mume wangu, hakosi kuandika habari ya wali niliouunguza siku mama yake alipokuja."

Juzi, kwenye mazishi, familia ilimwomba daktari aseme neno. Akatoa karatasi mfukoni, akasoma:

"Kwa wahusika. Namfahamu mwombaji huyu kwa miaka ishirini na miwili. Alinifundisha kazi, na hakuwahi kuitwa mwalimu. Kasoro zake ni mbili: aliiba kwenye karata, na kila samaki aliyewahi kumvua alizidi kurefuka mwaka hadi mwaka. Namwombea nafasi. Sisiti."

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole mjane, watoto na wajukuu, na wote waliopitia maabara ile. Mungu awape nguvu. Nawe unayesikiliza, fikiria kidogo leo: yule anayefagia unapopita kila siku, akiombwa akuandikie barua, atajaza mistari mingapi?