Fundi Makombo na Kabati Lake la Mwisho

Baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya useremala, Fundi Makombo anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Aliingia akiwa kijana mwenye nywele tele, anatoka akiwa na upara, wajukuu na kikohozi cha vumbi la mbao. Ofisi imeniomba mimi, mpaka vanishi wa chumba cha nyuma, niandike ukurasa mmoja wa kumuaga, na imesisitiza uwe wa furaha. Nitajitahidi. Furaha ikipungua huko chini, wasomaji mnivumilie. Meneja simwombi uvumilivu, maana yeye husoma mistari ya juu tu.

Jina la Makombo alilipata wiki ya kwanza. Wenzake wakimaliza kukata mbao, yeye alipita nyuma yao akiokota vipande vilivyokuwa vinakwenda jikoni kuwa kuni. Walimcheka, wakasema kijana huyu anakula makombo ya wakubwa. Yeye aliendelea kuokota.

Makombo hayo ndiyo yaliyoijenga karakana hii mnayoiona. Rafu za vibano, alizitengeneza yeye. Droo za patasi, kila patasi na kitanda chake, ni zake. Chupa za jamu zilizojaa misumari na skrubu, zinazoning'inia chini ya rafu kwa vifuniko vilivyopigiliwa juu, ukitaka skrubu unazungusha chupa kwa mkono mmoja, hiyo nayo ni akili yake. Hata ile fimbo yenye meno ya kusukumia mbao kwenye msumeno wa umeme aliichonga yeye, na mimi nikihesabu vidole vyangu jioni na kuvikuta vyote, namshukuru kimoyomoyo.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa vibao vya kuongozea. Kwa wageni wetu nitaeleza: kibao unakibana juu ya mbao, msumeno unafuata njia iliyokwisha kuchongwa, hupimi tena wala hukisii. Kuna cha kukatia pembe za fremu, cha kutobolea matundu ya bawaba, cha kuchongea ndimi za miguu ya meza. Sisi tuliviita mashemeji, kwa sababu kila kimoja kilikuja kwa shughuli moja tu, kisha kikahamia.

Ni fundi wa mkono wa kushoto, na mashemeji wote aliwaunda kwa mkono huo. Matokeo yake karakana nzima imekuwa ya mashoto. Fundi akihamia kwetu kutoka kwingine, hutushangaa kama ukoo wenye maradhi ya kurithi. Mwaka fulani mmoja wetu alijifanya mjuaji, akakigeuza kibao cha bawaba ili kifuate mkono wa kulia, na milango ya shule nzima ikafunguka upande usio wake. Mwalimu mkuu alikuja amefura. Makombo aliibandua milango yote na kuifunga upya, huku akitutukana kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, bila kumsahau mtu.

Nisimtie sukari kwa sababu anaondoka. Ana mdomo. Hajawahi kumwazima mtu penseli. Aliwahi kuniambia mbele ya wateja kwamba napaka vanishi kama mtu anayepaka mkate siagi ya jirani. Nilinuna siku mbili, kisha nikapunguza vanishi, na tangu hapo viti vyangu havinati.

Sasa nafika kwenye mafanikio ya miaka ya karibuni, na hapa ndipo ukurasa huu unapoanza kunikaa vibaya mkononi.

Macho ya Makombo yameharibika. Presha ya macho, alisema daktari, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Yeye hakutuambia. Tuligundua asubuhi moja alipolisalimu koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza watoto hawajambo. Hata hivyo kazi yake haikuyumba. Kila shemeji alikuwa amemchonga alama ndogo ya kupapasa kwa kidole gumba; kidole kikishajua mahali pake, msumeno unakwenda wenyewe. Mbele ya vibao vyake alikuwa fundi mzima. Mbali navyo alikuwa mzee anayetafuta kitasa.

Kwa hiyo alipoulizwa angependa zawadi gani ya kustaafu, hakutaka saa ya ukutani wala blanketi. Alitaka vibao vyake. Bintiye, ambaye ni mshonaji, alikuwa amekwisha kumwachia nusu ya chumba chake cha kazi. Benchi limewekwa, taa imefungwa, ingawa taa si ya baba. Walipanga kutengeneza viti na vigoda vya kuuza, baba akate, binti ashone mito. Mtu ambaye ameamka kwenda kazini maisha yake yote alitaka asubuhi aamke na pa kwenda, hata kama ni chumba cha pili. Hilo tu.

Meneja alikataa. Alimkaribisha binti ofisini, akampa kiti na chai, akamweleza kwa upole kwamba kilichotengenezwa kwa mbao za karakana, ndani ya saa za karakana, ni mali ya karakana. Binti alimwambia hizo mbao zilikuwa kuni. Meneja akajibu kwamba hata kuni ni za karakana. Alisema pia kwamba anamheshimu mzee kama baba yake mzazi, na mimi tangu siku hiyo namhurumia huyo baba.

Mzee alikuwa anangoja getini na mkokoteni wa kuazima. Alikuwa ameutandika magunia ili vibao visigongane njiani. Binti alipotoka, alishika mpini wa upande wa pili. Wakaondoka na mkokoteni mtupu, nasi wote tuko madirishani.

Tulimwendea Meneja kwa kundi. Tulimkumbusha kwamba mwaka jana yeye huyo huyo aliviita vibao takataka, akaamuru viondolewe kabla ya ukaguzi, tukavificha chini ya maranda. Kilichobadilika ni mteja mmoja mkubwa aliyepita hapa, akavipiga picha na kusema hii ni hazina. Neno hazina likamwingia Meneja kichwani na halijatoka. Alitusikiliza, akatushukuru kwa upendo wetu, akaturudisha kazini.

Kuna aliyependekeza mzee atengeneze vingine. Alijaribu. Binti anasema alishinda kutwa nzima na kipande cha mbao na guni la kupimia pembe, na pembe ikatoka imepinda kiasi kwamba hata yeye aliihisi kwa mkono. Aliitia motoni, akaketi. Kibao cha kwanza kinahitaji macho, na yeye macho yake aliyamalizia humu ndani kwetu. Fadhila ya punda ni mateke. Tulilijua neno hilo tangu utotoni, tukadhani linawahusu punda.

Kazi yake ya mwisho nayo sharti niitaje, maana ofisi inajivunia. Aliagizwa atengeneze kabati la vioo la kuwekea vibao hivyo kwenye chumba cha kupokea wageni. Nilitegemea agome, au angalau alitengeneze ovyo. Ole wangu, simjui bado. Alilitengeneza kwa mashemeji wale wale, pembe kwa pembe, na kila kimoja kikimaliza sehemu yake alikifuta vumbi, akakipapasa alama yake na kukilaza kwenye rafu. Cha kukatia pembe za fremu kiliingia mwisho. Kisha nikapaka vanishi, nyembamba, kama anavyopenda, na Meneja akafunga kwa ufunguo. Ni kabati zuri kuliko yote tuliyowahi kuyatoa. Tangu lifungwe sisi tunapima kwa futi na kubahatisha, na wiki hii wateja wawili wamerudisha milango.

Ijumaa kutakuwa na hotuba, soda na cheti. Baadaye mzee atasimamishwa mbele ya kabati apigwe picha ya kumbukumbu. Namwomba mpiga picha jambo moja: amshike bega amgeuze taratibu, amwonyeshe upande wa kutazama. Kwa kioo hapo katikati, mkono wake hautajua vibao viko wapi.

Fundi, asante kwa rafu, kwa droo, kwa vidole vyangu vyote, na hata kwa matusi. Umetufanya mafundi, nasi tumeshindwa kukufanyia jambo moja dogo. Maisha mema tunakutakia, wewe na binti yako. Vifaa vya kuyatengenezea maisha hayo tumebaki navyo sisi, na wala hatuvitumii.