Uji Kabla ya Maombi

Wapendwa, mmeniomba niongoze maombi ya leo. Nitaongoza, lakini niruhusuni kwanza niwaambie kwa nini nimekuwa nikikataa.

Mnajua kazi yangu. Nauza gambuti na aproni za wachuma chai, leo Kangari, kesho Kagio, halafu narudi Nyeri kwa chumba changu cha mtaa wa Majengo. Nilizaliwa Kagio, na nikipita sokoni pale bado natafuta kwa macho mahali mama alipokuwa akipanga nyanya. Yeye ndiye aliyekuwa akiniombea. Kila asubuhi alitaja jina langu kabla ya kuwasha moto.

Alipofariki, niliendelea kuombea watu. Sauti ninayo, mnaijua. Kanisa lolote nililoingia njiani niliitwa mbele, watu wakalia, wakasema amina. Kisha nafunga mzigo, naondoka. Ndugu zangu, nawaambia, wote walijua sauti yangu, lakini hakuna aliyejua mlango wangu. Alfajiri mwadhini wa Majengo akiita, nasikia majirani wakifungua maji ya kutawadha ili waswali. Mimi nimelala macho wazi, sina neno hata moja la kumwambia Mungu. Maneno ya kuombea wengine nilikuwa nayo. Yangu mwenyewe yalikauka.

Ndipo mama mmoja wa Kangari, mteja wangu, akanisihi nikamwombee mumewe. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, na haongei. Nilifika mchana, mvua inanyesha. Nikasimama katikati ya nyumba, mzigo ungali begani, nikainua mkono: "Baba wa mbinguni..."

"We! Ngoja kwanza," mama akasema. "Umeingia ama bado uko barabarani?"

"Mama, niko na haraka kidogo. Gari za Nyeri zitaisha."

"Ati haraka! Hapa kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajakunywa kitu. Sasa wewe unataka kumpelekea Mungu habari ya mzee wangu, na hata jina lake hujauliza. Keti."

Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Nikaketi. Akanipa uji wa wimbi, na kikombe kingine akamshikia mzee. Tukanywa, mvua ikipiga mabati. Tangu mazishi ya mama yangu sikuwa nimeketi na mtu bila kuwazia kuondoka. Nikaweka kikombe chini, nikageuza uso. Mzee akaona. Akanyoosha mkono wake mzima, akaushika wangu.

"Haongei," mama akasema, "lakini anasikiliza kutushinda. Na wewe, nani hukuombea?"

"Aliyekuwa akiniombea nilimzika."

Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye harufu ya moshi na majani ya chai. "Mungu, huyu mtoto wa wenyewe amechoka kutembea. Mpe kiti."

Nililia mpaka uji ukapoa.

Baadaye nikauliza jina la mzee, na alichopenda kabla hajaugua. Kumbe alipenda kuwatania wachuma chai pale kwenye mizani ya kupimia majani, mpaka wakasahau mgongo unauma. Niliomba kwa sauti ya chini, maneno machache, na nilijua ninamwombea nani.

Nisiwadanganye: mzee hajasimama wala hajaongea. Lakini nikipita Kangari naketi naye. Gari za Nyeri zimeniacha mara nyingi.

Siku hizi mwadhini akiita, nami naamka. Napika uji, naketi kimya mbele za Mungu mpaka nijue nimeingia. Kuna asubuhi hakuna kinachokuja ila kumkumbuka mama yangu. Basi nampelekea Mungu hayo hayo.

Namshukuru mama yule na mzee wake. Nanyi nawashukuru, mliokuja kubisha mlangoni kwangu Majengo nilipougua kifua. Sikujua kama mlango wangu unaweza kubishwa. Anayetaka kuombea wengine, neno langu ni hili: usiombe ukiwa na mzigo begani. Keti na Mungu, keti na mwenzako, na awepo mtu anayelitaja jina lako.

Kwa hivyo maombi yangoje kidogo. Chai naona imeiva kule nyuma, ipite kwanza. Na hapo dirishani kuna kiti kitupu kando ya mgeni wetu wa leo. Nakuja kuketi hapo.

Ndugu, unaitwa nani?