Inoyat-opa, Aliyekataa Kutufuta

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, saa kumi jioni, Inoyat Rahmonqulova analivua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na minne. Ametumikia mtaa mmoja tu, Anorzor, na kituo kimoja tu, hiki chetu chenye vyumba vitatu na paa linalovuja upande wa chanjo. Waliompa kazi mwaka 1990 walimwambia ni ya muda. Nchi iliyomwajiri ikafa, nyingine ikazaliwa, fedha zikabadilishwa, naye akabaki anapita mlango kwa mlango na mkoba wake wa kahawia.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimefanya naye kazi mwaka mmoja na nusu, na kwa sababu wakubwa wote walisema hawana muda. Mimi pia sina. Nina watoto wawili nyumbani, na mdogo ananipanda mgongoni ninapoandika haya. Kwa hiyo maneno haya hayakupigwa pasi sana, lakini ni ya kweli.

Alianza na chanjo na wazazi, kama wauguzi wote wa mitaa. Nusu ya waliokaa hapa leo aliwapima uzito wakiwa hawana nguo, na akiudhika na mtu humkumbusha. Sukari ilipoanza kuingia majumbani, yeye ndiye aliyeiona kwanza, maana yeye ndiye aliyekuwa akiketi kwenye mikeka yetu.

Kila nyumba yenye heshima humwekea mgeni chai na novvot, ile sukari ya vipande kama mawe ya kioo, na mgeni mwenye heshima hakatai. Inoyat-opa, yaani dada Inoyat, hakukataa hata siku moja. Alikuwa akichukua kipande, akishukuru, akikitia mfukoni mwa koti. Mwanawe husema sisimizi walikuwa wakimsindikiza mama hadi nyumbani. Mwisho wa mwezi alivimimina vyote kwenye mtungi wa kioo dirishani mwa kituo, na akina mama wakija anawaonyesha.

"Hii ndiyo mliyotaka kuninywesha mimi peke yangu. Sasa niambieni, nyie mmekunywa mitungi mingapi?"

Mtungi upo palepale. Ukiutazama sana meno yanauma.

Vishikwambi vilipoletwa miaka minne iliyopita, tulidhani atastaafu siku hiyohiyo. Alikuwa na madaftari kumi na tisa yaliyoandikwa kwa mkono wake, na mtu mwenye madaftari kumi na tisa hapendi kufundishwa kuandika. Siku ya kwanza alikibeba chake ndani ya kitambaa cha mkate, na watoto wakamfuata wakidhani kuna mkate wa moto. Kufika mwezi wa pili, ndiye aliyekuwa akiwafundisha wauguzi wenzake.

"Daftari linajua nilichoandika," alisema. "Hiki kinajua nilichosahau."

Na kweli. Muulizeni Turgun, mpishi wetu wa pilau, ambaye tangu alfajiri yuko uani na sufuria kubwa kwa ajili ya sherehe hii. Turgun alikuwa akisema sukari ni ugonjwa wa mabibi. Inoyat-opa akamwonyesha mstari wa vipimo vyake kwenye kioo cha kishikwambi: kila Alhamisi, siku ya pilau, mstari unapanda kama paka juu ya mti.

"Mashine yako ina wivu na mikono yangu," Turgun akamwambia.

"Mikono yako haina neno, kaka. Mimi naitaka miguu."

Kishikwambi kilikuwa kimemwambia kwamba miguu ya Turgun haijatazamwa kwa siku mia moja. Akaenda na kakioo kake ka mkononi, akamketisha kwenye gunia la mchele, akamshikia kakioo chini ya unyayo. Pale palikuwa na kidonda cha ukubwa wa tunda la tini, alipokanyaga kaa la moto bila kuhisi. Turgun alijiona kwenye kile kioo, akaweka mwiko chini, akanyoosha na mguu wa pili utazamwe. Mguu ule anao mpaka leo. Mkila pilau, jueni imepikwa na mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili.

Mwaka ule kituo chetu kilikuwa cha kwanza kati ya vituo kumi na vinne vya wilaya. Tulipewa cheti chenye muhuri, kikatundikwa ukutani juu ya mizani. Kila mgonjwa kwenye kishikwambi ana nukta: ya kijani sukari yake imetulia, nyekundu imepanda. Anorzor ilikuwa kijani kama shamba la ngano mwezi wa Aprili.

Sasa nifike pale wengine walipotaka nisifike.

Mfumo ule unamjua mtu kwa namba yake ya simu. Namba moja, mtu mmoja. Lakini nani asiyejua nyumba zetu? Mkaza mwana akiingia nyumba ya mumewe, simu ni ya mama mkwe. Akiulizwa namba hospitalini, anataja hiyohiyo, maana ndiyo anayoijua. Mashine inaiona, inasema huyu ninaye tayari, na inakitia kipimo chake kwenye jina la mama mkwe.

Miaka miwili na nusu iliyopita nilikuwa na mimba ya huyu aliyenipanda mgongoni. Nilipimwa mara tatu mjini, wakaniambia majibu yatakuja kwa simu. Yakaja, kwenye simu ya mama mkwe wangu, Bi Hosiyat. Sukari yake yeye imetulia, anakunywa dawa kwa saa. Yangu ilikuwa inapanda. Mashine ikazichanganya, ikagawanya kati, ikaandika: hali ni nzuri, endelea hivyohivyo. Mama akafurahi kwa niaba yangu, akaniongezea mkate na jamu ya tini. Na Inoyat-opa, aliyekuwa akizitembelea kwanza nyumba zenye nukta nyekundu, aliiona yetu ya kijani, akatupita wiki kumi.

Mwezi wa saba wa mimba nilianguka mbele ya tanuri la mkate. Alikuja mbio na viatu vya nyumbani. Akanitoboa kidole, kipimo kikasoma kumi na tisa, na cha mtu mwenye afya hakivuki nane. Akafungua kishikwambi, akaikuta nukta yetu ya kijani. Mama mkwe anasimulia kwamba alikiambia kile chombo, "Mtu yuko chini, wewe unaniambia yuko salama?" kama anavyoambiwa mtu aliyesema uongo mbele ya mashahidi.

Nililazwa wiki tano. Mimi nikapona, mtoto akatoka mzima, sukari yangu ikakataa kuondoka. Alipokuja kuniona hakumlaumu Bi Hosiyat wala hospitali. "Nilikiamini kuliko macho yangu," alisema. "Kosa ni langu, na nitalifukua mpaka mwisho wake."

Akajifungia na madaftari kumi na tisa na kishikwambi kimoja kwa siku tatu, jina kwa jina. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini sisi hatukuwa tumeficha. Tulikuwa tumefichwa. Wakaza wana arobaini na watatu wa mtaa huu, wote wana sukari au dalili zake, wote wamo ndani ya majina ya mama wakwe zao.

Akampigia simu bwana wa takwimu wa wilaya. Mimi sikuwepo, lakini mlinzi alikuwepo, na mlinzi wetu hasahau neno.

"Dada, mfumo ndivyo ulivyo. Namba moja, mtu mmoja."

"Basi njoo ule chakula cha mchana kwetu. Tuko saba kwa namba moja. Tukupakulie sahani moja, uone kama tutashiba."

"Sasa dada unataka mimi nifanye nini?"

"Kama mashine haiwezi kutuhesabu, irekebishwe mashine. Sisi tumeshazaliwa hivi."

Haikurekebishwa. Basi akafanya kazi ambayo haimo kwenye mkataba wa muuguzi yeyote duniani. Akapita nyumba arobaini na tatu kudai kila mkaza mwana apewe laini yake ya simu. Msicheke. Mnajua uzito wake.

Kwetu alianzia. "Mkaza mwana simu ya nini?" Bi Hosiyat akamuuliza. "Ampigie nani?"

"Anipigie mimi."

"Leo wewe, kesho nani?"

"Hosiyat, mimi na wewe tuliolewa mwaka mmoja. Ulipoingia nyumba hii hukuwa na ruhusa ya sauti, seuze simu. Unakumbuka ulivyokuja kwangu na homa ya siku nne, kwa sababu uliona haya kumwambia mkweo? Sasa huyu alale chini mara ya pili kwa sababu ya haya zako?"

Mama mkwe wangu akamimina chai, akasahau kutia novvot. Siku ya pili alikwenda sokoni mwenyewe kuninunulia laini. Cheti changu cha uuguzi, kilichokuwa sandukuni tangu siku ya harusi, alikitoa pamoja nayo, na ndivyo nilivyofika kazini hapa. Leo amekaa safu ya tatu, ameshika mjukuu wa kwanza, na ameniruhusu niandike haya yote.

Nyumba nyingine hazikuwa laini hivyo. Kuna moja walimfungia lango. Akaketi kwenye benchi la nje, akafungua mkoba, akaanza kumpima sukari kila aliyepita: muuza maziwa, fundi, mwalimu wa jiografia. Saa tisa alasiri foleni ilikuwa imeziba njia, na mwenye lango akashindwa kutoa gari lake. Lango likafunguliwa. Ilimchukua miezi minne, na alizipata zote arobaini na tatu.

Mashine ilipotuona sisi wapya, shamba la ngano likaiva vibaya. Nukta nyekundu kila upande. Kituo kilichokuwa cha kwanza kikawa cha kumi na nne. Watu wa wilaya wakaja, wakakitoa cheti ukutani, wakaondoka nacho, msumari ukabaki. Kisha ikaja barua: rekodi zilizojirudia za mtaa wa Anorzor zifutwe, muuguzi mhusika asaini. Na vijiti vya kupimia sukari, na insulini, hugawiwa kwa orodha. Asiyekuwemo hapati. Maana ya barua ilikuwa hiyo tu, hata kama haikuandikwa hivyo.

Alikuwa amebakiza miaka miwili afikie pensheni. Kila mtu alimshauri asaini, aende zake salama. Alichukua kalamu, akaandika chini ya barua, palipoachwa nafasi ya sahihi: "Hawa hawajajirudia. Kila mmoja alizaliwa mara moja." Akairudisha. Akaitwa wilayani mara tatu kujieleza, mara zote tatu akaenda na madaftari kumi na tisa kwenye kigari cha mkono, na mara zote wao ndio waliochoka kwanza. Kwenye ule msumari wa cheti akatundika kakioo kake ka kutazamia nyayo. Alisema angalau hako kanaonyesha kilichopo.

Leo, kati ya arobaini na watatu, ishirini na tisa sukari yao imetulia, na ni kijani cha kweli. Hakuna aliyepoteza jicho, mguu wala mimba tangu jina lake liandikwe. Kumi na wanne tunapambana nao bado, na wanajijua, na wawili wao nimewaona wakiizunguka meza ya halua.

Mabwana wa wilaya mko safu ya mbele, karibuni sana, pilau iko tayari. Nina neno moja kwenu kabla ya kula. Jumanne iliyopita barua ile imekuja tena, mara hii kwa jina langu, maana kishikwambi nimekabidhiwa mimi. Inataka orodha iwe safi kabla ya tarehe mosi Julai. Nimeisoma orodha. Jina la tatu ni langu. Mmeniomba nijifute kwa mkono wangu mwenyewe. Barua yenu iko dirishani, chini ya mtungi wa novvot, mtaichukua mkitoka. Penye nafasi ya sahihi nimeandika maneno yaleyale, kwa mwandiko mbaya kuliko wake, ila yanasomeka.

Na kwako, dada yetu. Asante kwa miaka thelathini na minne, kwa viatu vya nyumbani ulivyokuja navyo mbio, kwa benchi la nje ya lango. Tunakuombea afya na usingizi wa mchana ambao hujawahi kuupata, na wajukuu wakuchoshe wao badala yetu. Kakioo katabaki msumarini.

Jambo moja la mwisho. Nimepekua kishikwambi chote na madaftari yote kumi na tisa. Jina lako halimo popote. Umetoboa vidole vya mtaa mzima, chako hujakitoboa, na mama yako alikufa kwa sukari. Nimeshakuandikisha, kwa namba yako mwenyewe. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni pako. Weka chai. Novvot usinifiche, nitaipokea, nitashukuru, na nitaitia mfukoni.

Mohlaroy, muuguzi wa mtaa, Anorzor